Tango Lisilo la Mgeni

Wastaafu wengi huanza na siku ya kwanza kazini. Yangu nitaifikia, lakini siyo inayonirudia ninapokaa peke yangu. Inayonirudia ni alasiri moja ya miaka mingi baadaye, katika ofisi yetu ya Mbulu, baridi ikipenya chini ya mlango na mbele yangu karatasi ndefu yenye safu moja tupu. Niliombwa niijaze. Nilijua haikufaa kujazwa. Niliijaza kuanzia juu hadi chini kwa mwandiko mzuri, na kazi yote haikumaliza hata kikombe cha chai. Leo ningeweka kalamu chini na kusema hapana.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya mbegu. Mmesoma kuliko mimi. Mimi niliishia kidato cha nne, nikaajiriwa msaidizi wa shambani katika kituo kidogo cha mbegu za mboga, na humo ndimo nilimozeekea. Habari za vyeo nitaziacha, maana sikuwa navyo vya kuhadithia. Nitasema habari za matango.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Amsi, mtunza ghala la mbegu, mtu mfupi mwenye koti la sufu ambalo sikuwahi kuona amelivua. Nilimwamkia shikamoo. Aliitika marahaba bila kuinua macho, akanikatia kipande cha tango upande wa kikonyo. Nilipokitafuna, uchungu ulipanda hadi masikioni.

"Uchungu wa ngapi huo?" akauliza.

Sikujua kama uchungu una namba. Akanieleza kwamba unaanzia moja hadi tano, kwamba tango hufichia uchungu wake kwenye kikonyo na chini ya ganda, na kwamba kuanzia siku hiyo nitaonja matango thelathini kila siku ya mavuno, nikisafisha ulimi kwa kipande cha ugali baridi kati ya tango na tango. Kwa hiyo nikisema kwamba niliajiriwa kwa ajili ya ulimi wangu, sitanii. Miaka ile ya mwanzo nyumbani kwangu hapakuwa na kachumbari. Mke wangu akinitajia tango, natoka nje.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na futi ya fundi cherehani ya kupima urefu wa tunda, mizani ya dukani, kadi ya rangi iliyopauka kiasi kwamba kijani cha nne na cha tano vilikuwa ndugu, na madumu yaliyokatwa shingo ya kuvundikia mbegu. Tango la mbegu huachwa mpaka liwe la njano au kahawia, hukwanguliwa utumbo, na ule ute huachwa uchachuke siku mbili au tatu. Kisha unaosha. Mbegu nzima huzama na ganda tupu huelea. Harufu yake sitaieleza, ila nitasema kwamba kwenye basi la jioni nilikuwa napata siti ya watu wawili peke yangu. Chembechembe za kukaushia mbegu zilipotuishia, Mzee Amsi alitumia mchele uliokaangwa, akauweka kwenye mitungi pamoja na pakiti. Mlinzi aliupika mara moja. Hakurudia.

Ofisi na jokofu vilikuwa Mbulu, lakini tango halipendi baridi ya Mbulu, kwa hiyo mashamba ya majaribio yalikuwa Endasak, chini ya mlima Hanang, kati ya mahindi na maharage ya watu. Huko nilijifunza kuzuia nyuki. Ua jike la tango lina kitango kidogo nyuma yake, ua dume halina. Jioni unatafuta maua yatakayofunguka kesho, yale yaliyoanza kuonyesha njano kwenye ncha, unayafunga mdomo kwa uzi wa sufu, dume na jike. Asubuhi, kabla jua halijakolea, unayafungua na kuyagusanisha kwa mkono, kisha unalifunga tena jike na kulitia alama ya uzi mwekundu. Mzee Amsi, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alisema tunafungisha ndoa na nyuki hawakualikwa. Maneno hayo yaliwafikia vijana wa bodaboda pale Endasak. Tangu hapo kila nikishuka kwenye basi niliulizwa, "Bwana Tango, leo unaozesha mangapi?" Nilikuwa najibu kulingana na hali ya mgongo.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutafuta mbegu kwa watu. Tulitembea vijiji vya Hanang na vya nyanda za juu za Mbulu, nyumba kwa nyumba, tukiomba matango ya kienyeji. Hapa Mzee Amsi alinifundisha jambo ambalo silioni katika vitabu vyenu. Huku kwetu mgeni akiomba kitu hupewa kilicho bora. Ukiomba tango utaletewa refu, laini, tamu, lililofutwa vumbi kwa khanga. Ukizunguka vijiji kumi utarudi na matango kumi mazuri yanayofanana, utadhani nchi nzima inalima tango moja. "Ukiomba ukiwa umekaa kwenye kiti utapewa heshima," alisema. "Simama, uombe kuonyeshwa shamba. Angalia linaloota pembeni, lile wanaloona aibu kukuonyesha."

Hivyo ndivyo nilivyompata Mama Boay, katika kata ya Gendabi. Alikuwa mjane mwenye umri wa mama yangu, mwenye ng'ombe wachache na shamba la mahindi. Alitupa maziwa ya mgando na matango mawili marefu. Nikashukuru, nikaomba kuona shamba. Nyuma ya zizi, mahali samadi inaposhukia, palikuwa na mtambaa mmoja wa tango fupi, nene, lenye vipele, rangi yake kama kiatu cha zamani. Niliinama. Mama Boay akaja upesi kana kwamba nimefungua chumba cha kulala.

"Acha hilo, mwanangu. Hilo si la mgeni."

Niliuliza ni la nani. Akacheka kidogo, akasema ni la kwao wenyewe. Ni chungu, akasema, lazima ukate kikonyo kirefu na kulisugua chumvi. Mama mkwe wake alimpa mbegu alipoolewa. Nikamuuliza kwa nini analitunza kama ni baya hivyo. "Mvua ikizidi," akasema, "yale mazuri yote yanaungua majani. Linabaki hili."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu, neno kwa neno. Nataka mkumbuke hilo, kwa sababu baadaye sikuweza kusema kwamba sikuyasikia.

Ilinichukua safari tatu kupata mbegu. Safari ya tatu sikupewa maziwa kwenye kikombe cha wageni. Nilipewa kwenye kibuyu walichokuwa wanakunywea wenyewe, na sahani ya lile tango chungu lenye chumvi, nikala nao jikoni. Siku hiyo ulimi wangu uliandika uchungu wa nne, na mimi mwenyewe sikuwahi kula tango tamu kama lile. Nilipoondoka alinipa nusu ya mbegu zake, zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Nilimwambia zitakaa Mbulu kwenye jokofu, salama, hata wajukuu wake watazikuta.

"Basi wewe ndiyo ghala langu," akasema. "Zangu zikipotea nitakuja kwako."

Nikasema karibu sana. Zikapewa namba mia moja na kumi na saba.

Kwa miaka kadhaa kila nilipopita Gendabi niliingia kwa Mama Boay kwa mlango wa jikoni bila kubisha. Alinituma, alinigombeza kwa kukonda, aliniuliza habari za mke wangu kabla ya kuniuliza habari za kazi. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki nikiwa shuleni. Nasema tu ilivyokuwa.

Kisha ikaja kazi ya kuchagua wawakilishi. Tulikuwa na pakiti za matango mia mbili na kitu, na jokofu moja lililokuwa likiunguruma kama pikipiki. Dokta Zuhura, mtafiti aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alikuja na mpango wa kupata matango arobaini yatakayosimama kwa niaba ya yote. Alikuwa mama makini na mwenye haki. Mwezi wa Ramadhani aliniambia nionje kwa niaba yake, na aliuamini ulimi wangu kuliko mizani.

Njia yenyewe haikuwa na kosa, na ninyi mtaitumia. Unapanda yote mahali pamoja. Unapima kila moja: urefu, unene, rangi, vipele, uchungu, siku za kutoa ua, ugonjwa. Yanayofanana unayaweka kundi moja, halafu katika kila kundi unachagua moja linalobeba sifa za wenzake. Hakuna mkulima wa utafiti anayeweza kupanda mia mbili kila mwaka, lakini arobaini anaweza. Ni kama ukoo kumtuma mtu mmoja mkutanoni. Jambo kubwa ni kuuliza maswali yanayotakiwa kabla ya kusema kwamba watu wawili wanafanana.

Tulipanda Endasak. Mwaka ule mvua ilikuwa haba, tukamwagilia kwa ndoo. Majani yalikuwa safi, hakuna ubwiri hata doa. Ubwiri, kwa msiojua bado, ni ule ukungu unaokuja na unyevu, unaanza na madoa ya njano, na ndani ya wiki mbili jani linakuwa kama karatasi iliyopita karibu na moto. Fomu yetu ilikuwa na safu ya ugonjwa. Moja maana yake mmea mzima, tisa maana yake umekufa.

Mzee Amsi alibakiza miezi michache astaafu. Aliiangalia ile fomu akasema, "Mwaka wa jua hauonyeshi kitu. Acha wazi. Na wazi ni jibu."

Dokta Zuhura alikuwa na tarehe ya kupeleka orodha. Ikiachwa wazi, makundi yasingetoka kwa wakati, na kupanda tena kungekuwa mwaka mwingine ambao haukuwa kwenye mpango. Hakunilazimisha. Aliniuliza kwa upole, mbele ya Mzee Amsi, "Bwana Sulle, wewe ndiye uliyekuwa shambani kila siku. Uliona ugonjwa?"

Nikasema sikuona.

"Basi andika ulichoona."

Nikaandika moja, moja, moja, mia mbili na kitu. Hakuna namba hata moja iliyokuwa ya uongo, na safu nzima ilikuwa uongo. Najua kwa nini niliandika. Kwa miaka yote maswali aliulizwa Mzee Amsi, na siku hiyo niliulizwa mimi. Daftari langu lenye maneno ya Mama Boay lilikuwa kwenye mtoto wa meza, karibu na goti langu. Fomu haikuwa na safu ya maneno ya mwenye mbegu, nami sikufungua mtoto wa meza. Mzee Amsi alifunga koti lake akaenda kuchemsha chai. Hakunisema, siku ile wala baadaye.

Makundi yalipotoka, mia moja na kumi na saba lilikaa pamoja na sitini na nne, tango la bustani moja ya karibu na Mbulu mjini. Urefu uleule, vipele vilevile, rangi ileile kwa mujibu wa kadi yetu iliyopauka. Kwa ugonjwa, moja na moja. Sitini na nne lilikuwa limeota vizuri zaidi na ulimi wangu ulilipa uchungu wa pili. Likawa mwakilishi. Pakiti ambazo hazikuchaguliwa zilitolewa kwenye jokofu zikapangwa kwenye maboksi.

Dokta hakusema zitupwe. Alisema, tena mara mbili, kwamba tuwarudishie wenyewe wanaotaka. Ningeweza kuweka mia moja na kumi na saba mfukoni na kuipeleka Gendabi. Sikuipeleka, na sababu yake mtaielewa ninyi mliolelewa huku. Kumrudishia mtu zawadi mlangoni kwake ni kumwambia haikufaa. Yule mama alinipa kitu alichokionea aibu, nikamsihi safari tatu, halafu nije nimwambie wasomi wamekikataa? Nikaona ni adabu kunyamaza. Nikaona pia, na hili ni baya zaidi, kwamba ni adabu kutokwenda mikono mitupu. Nikambebea pakiti ya sitini na nne. Nikamwambia hili ndilo limechaguliwa kusimama badala ya lile lake.

Aliipokea kwa mikono miwili. Naye alikuwa na adabu yake. Zawadi ya mgeni haipandwi uchochoroni. Akaipa pahali pazuri kuliko pote, nyuma ya zizi, kwenye samadi. Lile la mama mkwe hakulipanda mwaka ule, wala uliofuata. Mbegu zake za zamani zilizobaki kwenye kibuyu ziliingiwa na wadudu, akazimwaga. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na ghala Mbulu.

Dokta Zuhura alihamishwa. Mzee Amsi alistaafu, akaniachia ufunguo wa ghala na koti alilosema limemchosha. Miaka mitatu au minne ilipita, ya jua. Kisha ikaja mvua iliyoanza mapema na kukataa kuondoka. Nilikuwa Endasak nikaona madoa ya njano Jumatatu, na wiki ya pili sitini na nne lilikuwa limeungua kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Niliangalia wawakilishi wote arobaini. Hakuna aliyesimama.

Wiki hiyohiyo, nikiwa Mbulu, mlinzi alikuja kuniambia kuna mama ananiulizia kwa jina la Bwana Tango. Nilimkuta Mama Boay amekaa kwenye benchi la nje, amejitanda shuka, baridi imemkamata, viatu vina matope ya safari. Hakuwahi kupanda basi kuja Mbulu. Mkononi alikuwa na kibuyu kidogo kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja ghalani kwangu."

Nilimpeleka nyumbani, mke wangu akampa uji na blanketi. Mimi nikaenda ghalani. Boksi lilikuwa pale kwenye rafu ya juu, chini ya bati, mahali ambapo mchana huwa joto na asubuhi unyevu. Pakiti ilikuwa nzima na namba inasomeka. Nilizitoa mbegu zote, sikubakiza hata moja, nikazipanga kwenye kitambaa chenye unyevu kama Mzee Amsi alivyonifundisha, nikazikunja na kuziweka jikoni karibu na joto la jiko. Mbegu nzima ya tango huchipua siku ya tatu au ya nne. Mama Boay alikaa kwetu siku kumi. Kila asubuhi tulifungua kitambaa pamoja, yeye na mimi, na kila asubuhi alinyunyiza maji yeye mwenyewe kwa vidole. Siku ya saba zilianza kuota ukungu. Siku ya kumi alikikunja kitambaa bila kukifungua.

Nikamweleza yote. Safu, wawakilishi, boksi, kwamba niliambiwa nizirudishe nikaona haya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenirudishia tu," akasema. "Mimi ningejua pa kuziweka."

Nilimsindikiza stendi. Aliondoka na kibuyu chake kama alivyokuja nacho.

Baadaye nilizunguka Gendabi nyumba kwa nyumba kutafuta kama kuna jirani aliyewahi kupewa mbegu ile. Wote walikuwa na sitini na nne. Waliliona kwa Mama Boay, wakamwomba, akawagawia. Nilimpigia simu Dokta Zuhura nikamweleza. Akasema alipaswa kuniuliza nilichosikia, si nilichoona tu. Alikuwa anajaribu kunibebea sehemu ya mzigo. Nilimshukuru, lakini daftari lilikuwa kwenye meza yangu, siyo yake.

Kwa hiyo, ninyi mnaoanza: safu ambayo mwaka haukuijibu, iacheni wazi. Maneno ya mwenye mbegu yaandikeni kwenye pakiti, siyo kwenye daftari la mtoto wa meza. Na isiyochaguliwa irudisheni kwa mwenyewe, hata kama uso unawaka kwa aibu.

Bado ninakwenda kwa Mama Boay. Sasa ni mzee sana. Ananipokea vizuri, hajawahi kunisema. Ananiwekea kiti sebuleni, anatuma maziwa yaletwe kwenye kikombe cha wageni, na matango mawili marefu, laini, yaliyofutwa vumbi kwa khanga. Ninakula, ninashukuru. Mlango wa jikoni uko palepale, umefungwa, na sijauvuka tangu mwaka ule wa mvua. Tango lile halipo tena kwake, halipo Mbulu, halipo popote nilipotafuta. Na mimi, niliyekuwa mtoto wa nyumba ile, nimekuwa mgeni.